Nani Alishika Kijinga cha Moto?

Nimechoka. Nimechoka kusomewa historia ya nchi hii kana kwamba Wajerumani wachache walishuka melini, wakapanga safu pwani, wakatembea mpaka Ujiji, na kila walipopita watu wakapiga magoti.

Hebu piga hesabu mwenyewe, msomaji. Agosti 1914, Vita Kuu inapoanza, jeshi la Mjerumani hapa kwetu, lile Schutztruppe, lilikuwa na Wajerumani wapatao 260 na askari weusi wapatao 2,500. Kombania 14, basi. Nchi waliyoishikilia, ukijumlisha Rwanda na Burundi, ilikaribia mara mbili ya Ujerumani yenyewe. Wagawanye hao kwa mito, kwa milima, kwa machifu wenye bunduki zao. Hesabu inakataa.

Inakataa kwa sababu kuna watu hawamo. Waliachwa nje ya daftari makusudi, na sisi tumewaacha hukohuko nje kwa zaidi ya miaka mia moja.

Nawasema rugaruga.

Najua utakachojibu. "Hao nawajua, ni vijana wa Mirambo." Ndivyo tulivyofundishwa: gobole, shuka nyekundu, manyoya kichwani, dola ya Urambo. Mwalimu anafuta ubao, mada imekwisha. Mirambo alifariki 1884, na mbabe mwenzake Nyungu-ya-Mawe akamfuata mwaka uleule, na katika vichwa vyetu rugaruga wakazikwa pamoja nao.

Hawakuzikwa. Walibadilisha bwana.

Mwishoni mwa 1884 hiyohiyo Carl Peters alikuwa Usagara, akiwawekesha watemi alama kwenye mikataba wasiyoweza kuisoma. Miaka mitano baadaye Hermann von Wissmann akaja na jeshi la kukodi, Wasudani kutoka Cairo na vijana wa kusini mwa Msumbiji walioitwa Wazulu. Jeshi hilo lilimsaka Abushiri bin Salim na kumnyonga Pangani, Desemba 1889. Pwani ikatulizwa kwa kamba.

Bara ilikuwa habari nyingine. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, Wahehe waliufyeka msafara wa Emil von Zelewski kabla askari wake hawajapata hata nafasi ya kujipanga. Kwa mtu mwenye akili ya kijeshi somo lilikuwa wazi: kombania peke yake haitoshi. Inahitaji macho ya mwenyeji, miguu ya mwenyeji, chuki ya mwenyeji.

Ndipo rugaruga wakawa jeshi la pili. Jeshi lisilo na jina kwenye karatasi.

Tazama tofauti yao. Askari wa kombania alikuwa na mshahara uliompita kibarua wa shambani. Alikuwa na sare ya kaki, bunduki ya Mauser na jina lililoandikwa. Akifa, kuna mtu aliyejua ni nani amekufa. Rugaruga alikuja na gobole lake la kushindilia baruti mdomoni, au mkuki. Nguo zake mwenyewe. Njaa yake mwenyewe. Ofisa aliandika idadi ya jumla, kama anavyoandika idadi ya mizigo, akaendelea na safari.

Na mshahara? Mshahara wake ulikuwa mbele yake, katika kijiji cha watu wengine. Ng'ombe. Mbuzi. Mtama ulioko ghalani. Wanawake na watoto.

Umeuona ujanja huo au bado umelala? Mtu asiyeandikwa hadai. Mtu asiyeandikwa hana kiinua mgongo, hana mjane wa kulipwa, hana kaburi la kujengewa. Na alichokitenda, hakikutendwa na jeshi. Ofisa anarudi bomani na vitabu safi. Moto ulichoma, lakini nani ameona mkono wake?

Twende 1905. Vita ya Maji Maji ilianza Julai katika vilima vya Umatumbi. Tarehe 30 Agosti maelfu ya watu walilivamia boma la Mahenge wakiamini maji ya dawa yatazuia risasi, wakavunwa kwa bunduki za rashasha. Unalijua hilo, limo kitabuni. Lakini rashasha za Mahenge hazikuua kama kilichofuata. Gavana Götzen na maofisa wake waliona kwamba watu hawa hawatamalizwa kwa risasi. Watamalizwa kwa njaa. Chomeni vijiji, chomeni mashamba, chukueni chakula, chukueni mbegu.

Wajerumani wenyewe walitaja vifo 75,000. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa, aliyewasikiliza wazee waliokuwepo, alifikisha kati ya 250,000 na 300,000. Wengi wao hawakuguswa na risasi. Walikufa wakichimba mizizi.

Sasa nakuuliza, na usinikwepe. Nani alishika kijinga cha moto?

Ghala la mtama halichomwi na gavana. Gavana yuko Dar es Salaam, anaandika taarifa. Ghala linachomwa na mtu anayejua ghala liko upande gani wa nyumba. Linachomwa na mtu anayejua kwamba mama mwenye nyumba hakuweka mbegu zote ghalani, nyingine amezifukia ndani ya chungu nyuma ya jiko, kwa sababu mama yake mwenyewe huko kwao hufanya vivyo hivyo. Anajua watoto hukimbilia bondeni, kwenye matete. Anajua ng'ombe hufichwa wapi. Mzungu aliyetoka Bavaria angejulia wapi hayo? Kikulacho ki nguoni mwako.

Na kama bado hujaumia, sikiliza hili. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alijipiga risasi mwaka 1898 badala ya kushikwa. Kichwa chake kikakatwa, kikapelekwa Ujerumani, kikarudi Kalenga mwaka 1954. Miaka saba tu baada ya kifo chake, vita ya Maji Maji ilipowaka, Wahehe walitembea upande wa Mjerumani. Watu walewale waliochomewa Kalenga yao mwaka 1894 walikwenda kuchoma vijiji vya wengine. Kabla yao Wasangu wa Merere walimsaidia Mjerumani dhidi ya Mkwawa. Leo wewe, kesho yeye. Kila aliyepigwa jana alikodiwa leo kumpiga jirani.

Alikodiwa nimesema? Nimekosea neno hapo: aliyekodiwa hulipwa. Hawa hawakulipwa.

Tafadhali usinirahisishie kwa kusema walikuwa wasaliti. Wasaliti wa nani? Mwaka 1896 hapakuwa na Tanganyika ya kusaliti. Merere wa Usangu alikuwa na watu waliofukuzwa Utengule na Wahehe, na alitaka kurudi kwake. Mjerumani alipomwambia twende wote, angekataa kwa ajili ya umoja gani? Ugomvi ulikuwa wetu. Mkoloni aliukuta umelala, akauamsha, akauvisha silaha, akautuma mbele, naye akafuata nyuma kuchukua nchi.

Lakini pia usiniletee huruma ya kupaka mafuta. Rugaruga hakuwa mtoto. Aliyebeba binti wa watu begani kama nyara alijua anachofanya. Alikuwa ametumiwa, na alikuwa mwenye kutumia. Yote mawili ni kweli, na historia isiyoweza kubeba yote mawili haifai kufundishwa kwa watu wazima.

Wakenya, msicheke. Mwingereza alifanya hivyohivyo upande wenu wa mpaka. Katika misafara yake ya miaka ya 1890 na mwanzoni mwa karne iliyofuata aliwaita morani wa Kimaasai wamsaidie kuwapiga majirani, na ujira ulikuwa ng'ombe wa kuteka. Walikuwapo katika vita dhidi ya Wanandi, vita ambamo kiongozi wao Koitalel arap Samoei aliuawa tarehe 19 Oktoba 1905 alipokwenda kuzungumza amani. Aliyempiga risasi anajulikana kwa jina na cheo. Waliochunga ng'ombe wa nyara kurudi Umaasaini, nani anawajua?

Na ndugu zetu wa Kongo wana la kwao, chungu kuliko yote. Gongo Lutete alikuwa mbabe wa vita mwenye maelfu ya watu wenye bunduki. Alimwacha Tippu Tip na Waarabu, akahamia upande wa Wabelgiji mwaka 1892. Bila watu wake, vita ile ya Maniema ingewashinda Wabelgiji. Septemba 1893, vita ikielekea ukingoni, ofisa mmoja kijana wa Kibelgiji alimshitaki kwa usaliti, akamhukumu, na akampiga risasi palepale Ngandu. Shukrani ya punda ni mateke. Miaka miwili baadaye askari waliotoka katika watu wake waliasi Luluabourg, na damu ikamwagika miaka mingi.

Sasa tuje 1914. Ukidhani rugaruga walikuwa kisa cha vita vidogo vya bara, umekosea. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Schutztruppe, yule anayesifiwa mpaka leo kwa kutoshindwa, aliwaita tena kwa maelfu. Nyuma yao akaweka wapagazi, na nyuma ya wapagazi wanawake na watoto waliopika, waliobeba na waliozaa njiani. Mwingereza naye akakusanya wapagazi wake. Ukijumlisha wote waliopita mikononi mwake katika vita ile, wanakaribia milioni moja. Milioni! Kumbukumbu za Waingereza wenyewe zinakubali vifo vya wapagazi wapatao 95,000, na watafiti wengi wanaamini walikuwa zaidi. Hawa waliuawa na kuhara, na baridi ya mlimani, na posho ya unga usioiva. Punda afe, mzigo wa bwana ufike.

Jumamosi unapokwenda Kariakoo kununua viatu, unakanyaga palipokuwa kambi yao. Unajua? Uliwahi kumwambia mtoto?

Majeshi yote mawili yalipita Ugogo. Kila moja lilichukua ng'ombe, kila moja lilichukua nafaka, kila moja lilichukua wanaume wa kubeba. Kisha mvua ikakosekana. Wagogo waliiita njaa hiyo Mtunya. Inakadiriwa kwamba watu 30,000 walikufa kati ya 150,000, mmoja katika kila watano. Hesabu watu watano nyumbani kwako sasa hivi. Chagua mmoja.

Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia. Waliojisalimisha naye walihesabiwa vizuri: Wajerumani 155, askari 1,168. Machi 1919 alikuwa Berlin, amepanda farasi, anapita Lango la Brandenburg akishangiliwa. Wakaandika vitabu. Wakatunga hadithi ya askari mwaminifu aliyempenda bwana wake mpaka mwisho, na maelfu waliotoroka njiani wakasahauliwa ili hadithi isiharibike. Rugaruga hata katika uongo huo hakupewa nafasi.

Katika miaka ya 1960 serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wa zamani malimbikizo ya mishahara yao. Inasimuliwa kwamba Mwanza walijitokeza wazee mia kadhaa, wengi hawana cheti chochote. Mlipaji, asiyejua amwamini nani, akampa kila mzee ufagio na kumwamuru kwa Kijerumani: bega silaha, shusha silaha. Karibu nusu karne ilikuwa imepita, na mikono ikakumbuka. Wakalipwa.

Watu husimulia kisa hicho wakitabasamu. Mimi kinanikera. Mzee aliyechoma Ungoni kwa amri ya ofisa yuleyule, lakini hakufundishwa gwaride, angesimama na ufagio afanye nini? Afagie?

Huo ndio mtihani uliotumika kuamua nani alikuwa mwanajeshi na nani hakuwa. Mjane wa mpagazi hakuwa na gwaride. Binti aliyetekwa Umatumbi akakulia nyumba ya mgeni hakuwa na gwaride. Hao wote hawadai kitu, maana hawamo.

Na sisi tumefanya nini na daftari hilo la mkoloni? Tumelirithi kama lilivyo. Tumeliweka kabatini, tukafunga, tukatupa ufunguo.

Kulikuwa na wakati tuliamka. Sanamu ya Wissmann ilisimama Dar es Salaam mpaka Waingereza walipoiondoa. Mjerumani akaichukua, akaisimamisha Hamburg. Mwaka 1968 wanafunzi wa Hamburg waliiangusha kwa kamba. Mwaka huohuo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipelekwa vijijini, wakakaa na wazee wa Maji Maji, wakaandika walichosikia. Kazi kubwa, ya kujivunia. Kwa nini haikuendelea? Kwa nini hatusikii waliotumwa Urambo, Tabora, Usangu, Iringa, kuwauliza wazee wa upande wa pili: ninyi mlikwenda kuchoma nini, na mlirudi na nini? Mwaka 1968 baadhi ya wazee hao walikuwa hai. Leo wote ni udongo.

Nitakwambia kwa nini. Kwa sababu tuliogopa jibu. Taifa changa lilitaka mashujaa, na rugaruga hana umbo la shujaa. Angemkalisha Mngoni meza moja na Mhehe na kumlazimisha kuuliza maswali mabaya. Tukaona heri tunyamaze, umoja usivunjike. Mficha uchi hazai. Umoja unaotegemea kutoulizana babu yako alikuwa wapi mwaka 1905 ni umoja gani huo?

Ukimya una gharama. Mtu asiyejua jinsi nchi yake ilivyotekwa kwa mikono ya vijana wake atajuaje ikianza kutekwa tena? Tazama mashariki ya Kongo. Tangu vita na waasi wa M23 ilipowaka upya, makundi ya vijana yanayoitwa Wazalendo yanapigana upande wa serikali. Vijana wa Masisi, wa Rutshuru, wengine wamevaa ndala. Wanasifiwa redioni. Lakini nani ana orodha yao kamili? Nani anamlipa mjane? Na wakipora njiani, ni jeshi limepora, au ni "vijana wasiojulikana"? Nilisoma taarifa moja juu yao nikahisi nasoma barua ya ofisa wa Kijerumani.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea, penye kaburi la mashujaa walionyongwa mwaka 1906, akaomba msamaha. Lilikuwa jambo la heshima, na sitalidharau. Tangu hapo wakubwa wetu wanazungumza na wakubwa wao juu ya mafuvu, makumbusho na ushirikiano.

Mimi nataka zaidi ya hayo, na ninataka wewe utake. Watu wa Songea, wa Kilwa, wa Mahenge, waulizeni wawakilishi wenu: kwenye meza hiyo, nani anadai madaftari? Kila taarifa ya kikosi ya miaka ya 1891 hadi 1918 inayotaja rugaruga, mahali walikochukuliwa, mtemi aliyewatoa, kijiji walichopelekwa, iletwe, ifasiriwe kwa Kiswahili, iwekwe mahali ambapo mwalimu wa sekondari Namtumbo anaweza kuifungua. Nyaraka za Kijerumani tulizonazo wenyewe Dar es Salaam zisomwe, zisiachwe kwa mtafiti wa kigeni anayekuja na ruzuku ya miezi sita. Na waandishi wa mitaala waache kumzika rugaruga pamoja na Mirambo. Mwanafunzi amkute Kalenga, amkute Mahenge, amkute Ugogo wakati wa Vita Kuu, mpaka aulize mwenyewe.

Na wewe uliyezaliwa katika ukoo ambao bado una bibi wa miaka tisini, unasubiri serikali ikutumie gari? Bibi huyo alilelewa na watu waliokuwepo. Kamuulize wiki hii. Muulize babu yake alirudi vitani na ng'ombe wa nani. Akikasirika, kaa. Akinyamaza, kaa. Andika jina atakalokutajia, na jina la kijiji.